Kufuata Kabichi ya Mama hadi Kampene

Ninyi mnaokaa kwenye benchi la kibanda changu pale Kasuku, Kindu, mmenichosha. Kila anayeleta redio yake itengenezwe lazima kwanza aulize ilikuwaje huko Kampene. Nikifika katikati ya habari anaingia mwingine, naanza upya, na redio za watu zinalala mezani zimefunguliwa matumbo. Basi nimeandika yote. Atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi asome, mimi niendelee na kazi.

Mambo ya kutafuta ruhusa na kupanga nauli nayaruka. Naanza na sababu, kwa kuwa wengine wenu mnadhani nilikwenda kutafuta dhahabu.

Kabla ya kuvuka

Rafu yangu mnaijua, na mmeicheka vya kutosha. Nyuma ya spika mbovu naweka vyombo vya zamani vya mezani, vya udongo wa kuchomwa, vilivyofanywa kwa umbo la mboga. Kuna kibakuli cha mchuzi kilicho kama nyanya. Kuna sahani ndefu ya mboga zilizolala bega kwa bega, ambazo Wazungu huziita asperje na sisi nyumbani tuliziita vidole. Kuna bakuli la magamba ambalo tangu utoto nilijua ni kakakuona, hadi mwalimu mmoja akanionyesha kitabuni kuwa ni mboga ya Ulaya iitwayo artisho. Nilimsikiliza kwa heshima, lakini mimi bado naona kakakuona.

Vyombo hivi vilikuja na Wazungu wa reli na wa migodi, na walipoondoka waliwaachia wapishi wao. Babu yangu mzaa mama alikuwa mpishi wa injinia mmoja wa reli. Kwake zilibaki sahani sita za jani la kabichi na supieri, yaani bakuli kubwa la supu lenye kifuniko, nalo ni kabichi nzima iliyofungana, ya kijani, na kishikio chake ni jani dogo lililojikunja. Mama aliolewa navyo. Na kama wanawake wote wa hapa, ambao huazimana vyombo kwa arusi na kwa matanga, aliweka alama yake chini ya kila kimoja: mistari miwili ya rangi nyekundu ya kucha. Shughuli ikiisha wanawake hupindua vyombo, kila mmoja anatafuta alama yake, anachukua chake.

Wakati wa vita, treni haziji na mitumbwi inafichwa, watu bado walioana. Jirani yetu Mama Mwamini alikuwa anamwoza binti yake, huyo Mwamini, na Mama akampa supieri pamoja na sahani zote sita. Siku yenyewe wali ulikuwa bado motoni risasi zilipoanza upande wa stesheni. Kila mtu alikimbia na alichoshika. Mama Mwamini wengi walimwona: aliacha sufuria, aliacha godoro jipya la bibi arusi, akajitwisha beseni la vyombo vyetu na kupotelea njia ya mtoni. Tuliporudi mji ulipotulia, nyumba yake ilikuwa wazi, na hakurudi tena.

Watu hawakosi maneno. Wakasema aliona nafasi akaondoka na mali ya mwenzake. Mama yangu ana mwanamke mmoja wa pale bombani ambaye hajamsalimia tangu miaka hiyo kwa sababu ya neno hilo. "Muntu anaacha godoro yake, anabeba supieri yangu," husema. "Huyo njo mwizi ao njo rafiki?"

Sasa, kuna Kambale, yule mfanyabiashara wa kutoka Butembo mwenye duka la sabuni na vitenge. Alirudi kutoka Kampene, akakaa kwenye benchi hili hili, akatazama rafu yangu na kusema kwamba kule alilishwa wali kwenye sahani ya jani, mfano wa hizo ninazozisumbukia. Nilimuuliza kama chini ina mistari miwili myekundu. Akaniuliza ni mtu gani mwenye njaa anayetazama chini ya sahani.

Nilimpelekea Mama habari hiyo nikidhani atafurahia sahani. Miguu yake imevimba siku hizi, mtoni hashuki, na macho yamefunikwa na ukungu. Akanishika mkono.

"Supieri, achana nayo," akasema. "Uniulizie Mama Mwamini. Kama iko muzima, umwambie niko namungoja. Macho yangu inaisha."

Hiyo ndiyo safari yangu. Sikwenda kuchimba kitu.

Lualaba, upande wa Alunguli

Kuvuka mto kutoka Kindu hadi Alunguli peke yake kulikula asubuhi nzima. Mtumbwi wa mashine ulikuwa tayari, sisi tumekaa, pikipiki imelazwa katikati, lakini mwenye mtumbwi alikuwa anamngoja mama mmoja na magunia yake ya samaki wakavu. Kila alipoulizwa alijibu kwamba mama huyo anakuja. Mama alikuja kweli, bila magunia, kuja kusema kwamba magunia yanakuja. Nikanunua mikate ya kukaanga na kahawa, nikala, nikanunua tena. Dereva wangu wa pikipiki, Shabani, alilala usingizi juu ya kiti cha pikipiki ndani ya mtumbwi, jambo ambalo sijaona mtu mwingine akiliweza.

Shabani nilimchukua kwa kuwa anaijua njia ya Kampene jiwe kwa jiwe. Kosa lake ni moja, anaongea bila kupumzika, na akiongea anageuza kichwa akutazame. Kabla hatujatoka Alunguli alikwishaniuliza mara kadhaa tunakwenda kununua madini gani. Nilimwambia nafuata kabichi. Akacheka, akasema sawa, hata yeye kuna vitu hasemi.

Njia ya Kalima

Mvua ilikuwa imetutangulia. Mahali pengine tulipanda pikipiki, mahali pengine pikipiki ilitupanda. Mnyororo ulikatika mara moja, tukaufunga kwa waya niliokuwa nao mfukoni, na kwa mara ya kwanza Shabani aliniheshimu.

Barieri moja, kizuizi cha walinzi njiani, ilitushika. Nilikuwa nimebeba kile kibakuli cha nyanya kutoka rafuni, nimekifunga ndani ya shati, ili huko mbele niwaonyeshe watu mfano wa ninachotafuta. Mlinzi alipapasa begi, akakuta kitu kizito, kigumu, kimefungwa vizuri. Akakifungua. Mng'ao mwekundu ukatoka. Wote wakasogea. Mmoja akakigonga kwa ukucha, mwingine akakiinua kwenye jua, wa tatu akauliza kinatoka mgodi gani. Shabani alinitazama kwa macho ya kusema, si nilijua.

Nikasema ni nyanya. Wakaendelea kungoja niseme ukweli. Nikaeleza kuhusu Wazungu, meza zao, na tabia yao ya kuweka mboga ndani ya mboga ya udongo. Mkubwa wa barieri, mtu mwenye ndevu za mvi, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema bibi yake alikuwa na kimoja cha muhindi, punje zote zinahesabika, na watoto walichapwa kwa kukilamba. Tulikula naye nanasi, akatufungulia njia, na akaniomba nikiipata hiyo kabichi nipite nayo aione.

Kalima

Kalima tulilala kwa mjomba wa Shabani, na jioni ileile nilifanya ujinga wa kutangaza habari zangu. Nilimwambia mjomba natafuta vyombo vya zamani vya umbo la mboga, vingine vya majani, vingine vya magamba. Habari ilitembea kuliko mimi.

Asubuhi watu walikuwa wamepanga mstari uani. Mama mmoja alileta sahani ya plastiki yenye picha ya karoti. Mwingine alileta sahani ya jani, nzuri kwa mbali, na ilibidi nimweleze kwa nini siichukui. Ilikuwa nyepesi. Mishipa ya jani ilikuwa imechorwa tu juu. Kwenye sahani ya kweli mishipa imezama na rangi ya kijani imetuama ndani yake ikawa nyeusi, kama maji kwenye mfereji. Juu yake pana mipasuko myembamba ya uzee ambayo kidole hakiisikii. Ukipindua, kuna vidoa vitatu vidogo visivyo na mng'ao, pale chombo kiliposimama ndani ya tanuri. Mama yule alinisikiliza vizuri, kisha akasema kwamba kwake sahani ni ile isiyovuja.

Wa mwisho katika mstari alikuwa mwanamume mwenye gunia linalotembea. Alisema amesikia natafuta wa magamba. Akafungua, na ndani yake kulikuwa na kakakuona, mzima, amejikunja. Tulimshawishi sana yule bwana amrudishe msituni, na mjomba akampa kikombe cha mchele apoze hasira ya safari yake. Shabani aliisimulia habari hiyo kwa kila tuliyekutana naye hadi Pangi, na kila mara kakakuona alizidi kuwa mkubwa.

Kivuko

Hapa sina mengi. Kulikuwa na mto, daraja limelala majini, na mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa mbao ndiyo iliyovusha watu. Kamba ya kuivutia ilikatika, tukangoja ipatikane nyingine. Niliketi na wakulima waliokuwa wakipeleka ndizi, tukala ndizi zao za kuchoma na mawese. Walinieleza wakati wa vita walivyojificha ng'ambo ile, wakila mizizi, na sasa wanajenga shule palepale. Mmoja alinionyesha bati lake jipya ling'aalo mbali juu ya mlima. Nilifurahi kwa ajili yake kana kwamba ni bati langu.

Kampene

Kampene ni matope, muziki, na wanaume wenye tochi vichwani mchana. Kambale alikuwa amenielekeza vizuri: kibanda cha chakula karibu na wanapouziana madini, chini ya turubai la buluu. Mwenye kibanda alikuwa mwanamke mnene aliyepita miaka arobaini, kitambaa kimefungwa kichwani mpaka kwenye nyusi, maneno machache. Alitupa wali na sombe, yale majani ya muhogo, kwenye sahani za bati. Lakini juu ya kabati, peke yake, niliiona. Jani la kabichi.

Nikamwomba anihamishie chakula kwenye ile. Alinitazama kuanzia viatu. Akasema ile huwa ni ya wageni wa heshima. Shabani akadakia kwamba mimi ni mgeni wa heshima sana kutoka Kindu, hata barieri wamenilisha nanasi. Akaishusha, akanipakulia.

Nilikula nikiufuata mshipa wa jani kwa kijiko. Kila tonge lililoondoka lilifunua kijani kilichotuama, mipasuko ya uzee, uzito wa kweli. Nilipomaliza, mkono wangu, ambao kwa miaka mingi umezoea kazi moja, uliinua sahani na kuipindua. Mistari miwili ya rangi ya kucha. Ilikuwa imefifia, lakini ilikuwa yenyewe.

Kibanda kizima kiligeuka kunitazama. Ninyi mnajua ni nani hupindua sahani na lini. Mtu aliyelishwa nyumbani kwa watu, akapindua sahani ya mwenye nyumba na kuichungulia, amesema mbele ya wote kwamba chombo hiki si chako. Nilisema neno hilo bila kufungua mdomo, mwanamume mzima, mbele ya wachimbaji wanaomheshimu mama yule.

Aliichukua mkononi mwangu taratibu. "Kula yako imeisha," akasema. "Toka."

Nikajitetea kwamba nakusanya vyombo vya namna hiyo, natazama mihuri ya viwanda. Hapo nikaharibu kabisa. Shabani akaongeza kwamba mimi ni fundi redio ninayewinda kabichi. Wachimbaji waliangua kicheko. Yule mama hakucheka. Alikuwa ameikumbatia sahani kifuani, na nilipogeuka mlangoni kumtazama, bado hajaiweka chini. Nikajiona mjinga, na zaidi ya hapo nikaona aibu kwa ajili ya Mama, aliyenituma kuuliza habari za mtu nami nimeanza na chombo.

Asubuhi nilirudi peke yangu, kabla hajawasha moto. Alikuwa anafagia. Nikakaa kwenye benchi la nje, nikamwamkia, hakujibu, akaendelea kufagia hadi karibu na miguu yangu. Nikaona bora niseme yote mara moja.

"Mama, nisamehe ya jana. Ile alama njo ya mama yangu. Mama Ramazani, wa Kasuku."

Ufagio ulisimama. Akauliza, bila kunitazama, mama yangu sombe anaipikaka na karanga ao bila karanga. Nikajibu bila, kwani Mama husema karanga ni za wavivu.

Akakaa chini palepale kwenye vumbi alilolifagia, akajifunika uso kwa kanga. "Mimi njo Mwamini," akasema.

Jamani, mimi Mwamini niliyemkumbuka ni msichana mwembamba mwenye hina mikononi, aliyekuwa akinituma dukani. Jana yake nilikuwa nimekaa mbele yake nikimtafuta chini ya sahani. Tulilia wote wawili bila haya. Mwanamume aliyekuwa amwoe aliingia msituni siku ile ya risasi na habari zake hazikupatikana tena. Baadaye Mwamini alipata mume mwingine, na watoto, ila bila ngoma na bila karamu. Na mama yake, nilipouliza huku nimeshika benchi kwa hofu ya jibu, alikuwa hai. Analima mpunga katika kijiji cha ndani, safari ya mguu.

Kwa miguu, kijijini

Tulifika jua limeshaanza kushuka, Mwamini mbele, mimi katikati, Shabani nyuma akilalamika kwamba dereva hatembei. Mama Mwamini alikuwa amekaa juu ya mkeka anapepeta mchele. Amekonda, lakini mgongo umenyooka vilevile. Alinitazama, akasema nina masikio ya marehemu baba yangu, basi ikawa hatukuhitaji utambulisho mwingine. Kwanza aliuliza kama Mama yupo. Niliposema yupo, aliweka ungo chini na kumshukuru Mungu kwa sauti, mara nyingi, mpaka majirani wakaja.

Kisha akaingia ndani akatoka na sanduku la bati. Supieri ilikuwa imefungwa ndani ya kitenge cha arusi ya Mwamini ambacho hakijavaliwa. Kabichi nzima, majani yamefungana, kijani kinang'aa kama imetoka kunyeshewa. Kifuniko kilikuwa kimemeguka ukingoni. Sahani zilizopona zilikuwa mbili, na ya tatu ni ile ya Kampene. Zilizovunjika njiani wakati wa kukimbia alikuwa amevihifadhi vipande vyake vyote kwenye mfuko, hata vile vidogo kama kucha.

Nilifikiri kazi imekwisha. Nikamwambia asijali, anipe, nitavibeba kwa uangalifu, Mama atafurahi. Uso wake ulibadilika.

"Unataka nirudishe supieri ya mama yako tupu?" akaniuliza. "Mimi njo muntu wa namna gani?"

Nilipaswa kujua. Nyumbani kwetu hata kikombe cha jirani kinaporudi huwa na kitu ndani, walau ndizi moja. Supieri hii iliazimwa kwa wali wa arusi, na wali wa arusi haukuwahi kuingia ndani yake. Alinieleza yote polepole. Miaka ya mwanzo hakuwa na cha kuijaza, walikula majani. Baadaye akapata mpunga lakini njia zilikuwa na watu wenye bunduki. Njia zilipofunguka, aibu ilikuwa imekwisha kukua kuliko yeye, na wasafiri walimletea maneno yanayosemwa Kasuku. Alituma salamu mara mbili kwa watu wa biashara. Hazikufika.

Nikapendekeza aijaze mchele mpya wa shamba lake. Akauliza kama mama yangu ni kuku, ale mchele mbichi. Nikasema basi apike hapa, nikimbie nao. Shabani, mtaalamu wa njia, akasema kufika Kalima utakuwa umechacha, na yeye hambebi mtu mwenye wali uliochacha. Tukakaa. Sikuwa na akili nyingine iliyobaki, ila yale niliyotumwa, ambayo katika mambo yote haya sikuwa nimeyasema bado. Nikamwambia miguu ya Mama imevimba na macho yanakwisha, na kwamba alisema achana na supieri, mwambie namngoja.

Alitazama shamba lake kwa muda. Halafu akamwambia Mwamini amkamate jogoo. Nilidhani tunachinjiwa, nikaanza kukataa kwa adabu. Akamfunga jogoo miguu.

"Tutaenda kupika kule kule," akasema.

Kurudi

Kutoka Kampene tulirudi kwa pikipiki mbili, ya pili ya kukodi. Mama Mwamini alikaa nyuma ya Shabani na supieri mapajani, na kila nilipoomba nimsaidie kuishika aliniuliza kama mimi ndiye niliyeitunza miaka yote hiyo. Mwamini alifunga kibanda chake, akabeba gunia la mchele, na mimi nikapewa jogoo. Jogoo huyo alinidonoa kutoka Kampene hadi Kalima. Shabani, mbele ya bibi aliyebeba kabichi, aliendesha polepole na kwa mara ya kwanza hakugeuza kichwa. Barierini yule mkubwa mwenye ndevu alitoka mwenyewe, akafunuliwa supieri, akaizunguka, akaishika kwa vidole viwili. Akawaita wenzake waje waone kwamba yule fundi hakuwa mwongo.

Kizuizi kikubwa kilikuwa Alunguli. Tulifika ukingoni, mtumbwi upo, hakuna magunia ya kungojewa, Kindu inaonekana ng'ambo na mabati yake. Mama Mwamini akasimama, miguu ikakataa kushuka. Akauliza ikiwa watamwita mwizi mbele ya Mama itakuwaje.

"Wacha waite," Mwamini akamjibu. "Supieri iko mikononi yako. Shuka, mama."

Akashuka.

Kule Kasuku, Mama Mwamini hakukubali kuingia kwetu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiwanja chake cha zamani, ambacho sasa kina watu wengine, akawaomba jiko. Walimwachia jiko, kuni na maji, nao wakaketi kutazama. Mimi nikaingia kwa Mama peke yangu. Nikamwambia amekuja, yupo hapo jirani, anapika. Mama aliinuka nusu, akakaa tena. Alielewa. Hakuuliza anapika nini wala kwa nini haji kwanza. Aliomba maji ya kunawa na kitambaa safi cha kichwa, akakaa wima kwenye mkeka, na harufu ya wali na jogoo ilipoanza kuingia dirishani alifumba macho. Mlangoni watu walikuwa wamejaa, na yule mwanamke wa bombani alikuwemo.

Mama Mwamini aliingia bila viatu, supieri mikononi mwake, mvuke mwembamba unatoka pale kifuniko kilipomeguka. Alipiga goti, akaiweka mbele ya Mama. Mama hakumwona vizuri. Alinyoosha mkono, akagusa kabichi, kisha akapanda na mkono huo hadi usoni mwa mwenzake na kuuacha hapo.

"Bibi arusi amekula?" akauliza.

"Bado. Iko hapo inje."

"Aingie."

Mwamini, mama wa watoto, mwanamke wa Kampene anayewafukuza wachimbaji kwa neno moja, aliingia ameinamisha kichwa kama siku ile. Mama alifinyanga tonge la wali, akaweka na kipande cha nyama, akamlisha yeye kwanza. Akamlisha mama yake. Ndipo akala mwenyewe. Alitafuna polepole, akatafuna tena, na sisi wote tukingoja.

"Mama Mwamini," akasema, "umesahau chumvi."

"Sikusahau. Ile siku chumvi haikukuwa mu Kindu."

Mama akachukua tonge la pili. Wakala hivyo hivyo, wote watatu, mpaka supieri ikabaki na kijani chake tu.